Mfalme Alipoamka Katikati ya Nyota

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mfupa. Fundi Mkuu wa Kujalidi aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, ambavyo vilikuwa vya dada yangu na nilikuwa nimevijaza karatasi mbele ili visinitoke. Kisha akafungua droo na kuniwekea mkononi kipande cha mfupa wa ng'ombe, kimechongwa bapa na kulainika kwa kushikwa miaka mingi.

"Huu ndio mkono wako wa tatu," akasema. "Wa kukunjia karatasi. Ukiupoteza, usije kazini."

Hiyo ilikuwa maktaba moja ya mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimetoka kwetu Katito asubuhi hiyo hiyo na kikapu chenye magauni mawili na viazi vitamu vya mama. Shule niliiachia kidato cha pili. Vitabu nilivipenda kama watu wengine wanavyopenda harusi: mwaliko sikuwa nao, lakini nilikuwa tayari kusimama dirishani.

Kabla ya mfupa nilikuwa nimepitishwa ofisini kwa Mkutubi Mkuu, ambaye ndiye mkubwa wa maktaba nzima. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kuzungumza polepole kana kwamba anasoma barua ya mtu mwingine.

"Utakuwa wa majaribio," aliniambia. "Ukifanya vizuri nitakuandika kazi ya kudumu. Lakini unisikie, binti. Vitabu hivi si vyangu, si vyako. Kitabu kimoja kikiharibikia mkononi mwako, unarudi Katito. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bwana Mkutubi."

Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Mama alikuwa ameshatangaza kisimani na kanisani kwamba binti yake amechukuliwa na nyumba ya vitabu. Kurudi kungekuwa ni kupita mbele ya watu wote hao na kikapu kile kile.

Sasa ninyi mnaoanza kazi siku hizi, ambao kitabu kikipasuka mnakitia gundi ya kopo na kukirudisha rafuni, acheni niwaeleze kujalidi kulikuwa nini. Kitabu cha kweli hakikubandikwa, kilishonwa. Karatasi kubwa huchapwa, ikakunjwa mara kadhaa, ikatoa kifungu cha kurasa thelathini na mbili. Kifungu hicho tulikiita mkunjo. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo kuna herufi ndogo sana: wa kwanza A, wa pili B, na kuendelea. Mjalidi hupanga mikunjo kwa herufi, hushona mmoja baada ya mwingine kwa uzi uliopakwa nta, huupaka mgongo gundi ya unga wa ngano, kisha hukibana kitabu kwenye presi ya chuma mpaka kesho yake. Kila kitabu kilichoingia chumbani kwetu kilifunguliwa kadi, kama hospitali. Tuliziita kadi za wagonjwa. Ugonjwa: mgongo umevunjika. Matibabu: kushona upya. Mwishoni Fundi Mkuu aliandika "Amepona" au "Ameaga."

Tena kulikuwa na sheria ya kushona mara mbili. Kila unaposhona, sindano huacha tundu kwenye mkunjo. Ukishona mara ya tatu karatasi inakatika kama mkate uliokauka, na hapo ni kuaga tu.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria nyingine, ya kwake mwenyewe. "Hapa hatusomi," alisema. "Tunahesabu. Herufi, namba, basi. Umeona wapi daktari wa meno akatafuna kwa meno ya mgonjwa?"

Mimi nilitafuna. Nisamehewe. Niliiba sentensi hapa, aya pale, gundi ikikauka. Kamusi niliificha chini ya rundo la vitambaa.

Hapo ndipo nilipokutana na aina mbili za riwaya ambazo zilinifanya niwe mtu niliye. Maktaba ilikuwa na masanduku ya vitabu vya Kiingereza vilivyotolewa zawadi, vingi vikiwa vikongwe. Kulikuwa na rafu ya riwaya za falme za kale: wafalme, mazimwi, milima inayosema, safari za miezi kwa miguu. Rafu iliyokabiliana nayo ilikuwa ya riwaya za sayansi ya kubuni: vyombo vya angani, mashine zenye akili, watu wanaohamia kwenye nyota. Kabla sijazisoma nilizijua kwa majeraha yao. Riwaya za falme zilikuja zimechanika mwanzoni, kwa sababu mwanzoni ndiko kuna ramani, na msomaji kila akipotea hurudi pale kutazama mto uko wapi. Zilikuja na madoa ya mafuta ya samaki, maana ni nene na mtu hula nazo. Zile za nyota zilivunjika katikati, mahali mtaalamu fulani anapoeleza mashine inavyofanya kazi, na pembeni kulikuwa na hesabu za penseli. Kuna mtu aliwahi kukokotoa, kando ya ukurasa, ingemchukua muda gani kufika kwenye nyota ile akitokea Kisumu. Chini akaandika: "Nitakuwa nimekufa." Niliishika karatasi ile nikasisimka mwili.

Mtu mwenyewe nilimjua baadaye. Alikuwa Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma, mtengeneza redio karibu na soko la Kibuye. Yeye alisoma rafu ya nyota peke yake. Rafu ya wafalme ilikuwa na mwenyewe pia: Mama Nereah, fundi cherehani wa Migosi, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa kucheka mpaka anajishika mbavu. Vitabu vyao vilivyokuwa chumbani kwetu walivifuata mpaka kwenye kidirisha cha kupokelea, kama watu waliokuja kuona wagonjwa.

"Nyar Katito, mgonjwa wangu anaendeleaje?" Mama Nereah angeuliza. Nyar Katito ni binti wa Katito. Hilo ndilo likawa jina langu pale.

"Ameanza kula, Mama."

"Mwambie nimemletea uji."

Na Wekesa nyuma yake: "Malkia, toka dirishani, wengine tuna wagonjwa wa maana. Vitabu vyako vyote ni mtu na kisu anatembea. Anatembea, anatembea! Hata pikipiki hawajui."

"Na vyako ni watu ndani ya kopo wanahesabu," Mama Nereah akajibu bila kugeuka. "Hakuna hata mmoja anayeimba. Fundi wa kelele wewe, umewahi kulia ukisoma?"

"Nalia nikikosa betri."

Nilikuwa katika mwaka wa pili na wa mwisho wa majaribio wakati Fundi Mkuu aliponikamata nikisoma. Kitabu kilikuwa kwenye presi, mimi niko na kurasa za kingine, na gundi ikavuja ikashika mbao za presi. Tulikibandua kwa maji moto saa nzima. Kitabu kilipona, lakini yeye alikuwa ameingiwa na hofu.

"Kitabu hiki kingeaga, ningekwenda kusema nini kule juu?" aliniuliza. "Nyar Katito, nakupenda kama mtoto wangu. Nikikuona tena unasoma, nitamwambia Mkutubi mimi mwenyewe. Herufi. Namba. Basi!"

Niliapa. Nikairudisha kamusi nyumbani.

Wiki iliyofuata mvua ilipenya kwenye paa, ikavishukia vitabu viwili vilivyokuwa kila kimoja kwenye rafu yake, vyote vikubwa, vya mchapishaji mmoja na kimo kimoja. Majina yao sitayataja. Kurasa za majina zilikuwa zimeliwa na mende tangu zamani, nasi chumbani tuliviita Mfalme na Chombo. Kadi zao zilisema vimeshashonwa mara moja. Hii ilikuwa mara ya pili, ya mwisho. Nilivifumua, nikavigawa nusu kwa nusu ili vikauke: mirundo minne juu ya meza, miwili ya A hadi F, miwili ya G hadi M. Vitabu vingine huwa na jina la hadithi juu ya kila ukurasa. Hivi havikuwa nalo, namba tu. Vilipokauka nilifanya kama nilivyofundishwa. F inaishia ukurasa wa mia moja tisini na mbili. G inaanza mia moja tisini na tatu. Sawa. Sikusoma hata neno moja. Nilishona vizuri kuliko nilivyowahi kushona, na Fundi Mkuu akapitisha kidole mgongoni mwa vyote viwili akasema, "Sasa umekuwa mjalidi." Kwenye kadi akaandika: Amepona. Amepona.

Mwezi ukapita. Ijumaa moja asubuhi Mama Nereah alifika kidirishani amemkumbatia Mfalme kifuani, macho yake mekundu.

"Nyar Katito, kitabu gani hiki mmekuwa mnanificha?" akasema. "Yule mfalme mzee anatembea na wenzake sita, wamebeba kengele, wanaipeleka mlimani, kwa sababu mito ya nchi yao imekufa na kengele ndiyo itaiamsha. Adui anawafuata. Wanaingia pangoni, theluji inaziba mlango. Mfalme anasema, tulale, atakayeamka kwanza awaamshe wengine. Sawa? Nafungua ukurasa. Mwanamke anaamka kwenye baridi, anahesabu wenzake, anachungulia dirishani. Nje hakuna mlima. Hakuna nchi. Ni nyota tupu! Nilikiweka chini, nikatoka uani nikasimama tu. Wamelala mpaka dunia ikaisha, nyar Katito! Mungu akawachukua na pango lao lote!"

Niliuweka mfupa wangu chini.

"Hata mimi," Wekesa akadakia, maana alikuwa amefika na Chombo kwapani. "Hata changu ni hivyo hivyo. Watu wanakimbia jua linalokufa, wanalala kwenye masanduku ya vioo. Nafungua ukurasa, wako na farasi!"

"Farasi?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Farasi na mikuki. Kwanza nilikasirika. Halafu nikafikiri. Wametua kwenye sayari mpya, si ndiyo? Mafuta ya chombo yamekwisha. Kiwanda hakuna. Utasafiri na nini? Utashika mnyama, utamfuga. Vyuma vya chombo utafua mikuki. Miaka mia tatu imepita, mwandishi hakutaka kutuchosha nayo. Hiyo ni sayansi safi!"

"Ati sayansi," Mama Nereah akasema. "Lakini hebu niambie, binti yangu, kitu kimoja ndicho kinanisumbua. Kengele. Nimesoma mpaka mwisho, hakuna anayeitaja. Wale wa kwenye nyota hawajui hata kengele ni nini. Waliibeba njia yote ile, mwenzao mmoja alikufa kwa ajili yake. Imeenda wapi? Ililia?" Akafuta macho kwa kanga. "Jana kanisani nilikuwa naimba, nafikiria kengele."

Nikawaomba waniachie vitabu. Nilifunga kidirisha, nikavifungua mahali pa ukurasa wa mia moja tisini na mbili, nikakaa sakafuni. Nusu ya pili ya Mfalme nilikuwa nimeishona ndani ya Chombo, na ya Chombo ndani ya Mfalme.

Fundi Mkuu alisoma pale nilipomwonyesha. Hakupiga kelele. Alifunga mlango.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi hakuna anayejua. Wasomaji wamefurahi. Kuvifumua huwezi, vimeshashonwa mara mbili, vitakatika vyote viwili. Na wewe umebakiza miezi miwili kuandikwa. Nyamaza, nyar Katito. Hii ni hesabu tu, na hesabu imetimia."

Alikuwa anataka kuniokoa, nami nilimshukuru, na siku ile nilinyamaza. Siku ya pili pia. Lakini Jumapili Mama Nereah, ambaye nilikuwa nikikaa naye mtaa mmoja, Migosi, alinipungia mkono ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Bado sijui kengele iliko!" Alisema kwa kucheka. Mimi nilishindwa kula. Kuna mtu alibeba kengele ile kurasa mia moja tisini na mbili, na mwisho wake ulikuwa ndani ya kitabu cha mtu asiyeihitaji, na kati yao nimesimama mimi na kazi yangu.

Jumatatu nikapanda ngazi kwenda kwa Mkutubi Mkuu na vitabu viwili mkononi.

Alisikiliza mpaka mwisho, akavipindua, akaangalia mishono.

"Siku ya kwanza nilikuambia nini?"

"Kitabu kimoja kikiharibika, nirudi Katito."

"Na hapa viko vingapi?"

"Viwili, Bwana Mkutubi."

"Kwa nini hukusoma? Mstari mmoja tu ungekuonyesha."

Ningeweza kusema nilikatazwa. Nilifikiria kidole cha Fundi Mkuu kikipita kwenye mgongo wa kitabu. "Nilihesabu tu," nikasema.

Aligeuka kutazama nje. Dirishani kwake ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. "Nenda kavisome vyote viwili, kwa mpangilio wao wa kweli," akasema. "Ijumaa uniletee ukurasa mmoja. Uniandikie: kama namba na herufi zisingekuwepo, ungejuaje hadithi hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi? Ukiweza kuniambia, tutaongea. Usipoweza, una kikapu?"

"Ninacho."

"Haya."

Siku nne hizo nilisoma kama mtu anayekunywa maji baada ya homa. Nilisoma wakati wa chakula nikiwa nimekaa kwenye nyasi nyuma ya maktaba, vitabu viwili magotini, nikiruka kutoka huku kwenda kule. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile maishani mwangu, na sijawahi kufurahia udogo kiasi kile. Katika Mfalme dunia ni kongwe. Kila jiwe lina jina, kila jina limesahauliwa na mtu, na watu wanatembea wakijaribu kukumbuka. Kitu kizuri kiko nyuma yao, na kazi ni kukirudisha. Katika Chombo dunia imekwisha, na kitu kizuri, kama kipo, kiko mbele, mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika, hata jina hakuna. Mfalme akitazama mbingu anaona mababu. Yule mwanamke wa Chombo akitazama mbingu anaona umbali. Lakini wote wawili wanatazama juu, na wote wawili wanaogopa, na wote wawili wanarudi kuhesabu wenzao kama wako salama. Hapo nilikwama. Alhamisi jioni karatasi yangu ilikuwa bado nyeupe, kwa sababu kando ya kila tofauti niliyoiona kulikuwa na kufanana.

Kilichoniokoa ni kumkumbuka Wekesa na Mama Nereah pale kidirishani. Niliandika kwa Kiswahili changu cha kidato cha pili, na nakala ninayo mpaka leo:

"Bwana Mkutubi. Ningejua kwa swali ambalo msomaji analiuliza. Msomaji wa Chombo akikutana na farasi anauliza: wamefikaje hapa? Hatalala mpaka apate sababu, na asipopewa ataitengeneza mwenyewe kwa betri na vyuma. Msomaji wa Mfalme akikutana na nyota hataki kujua zimefikaje. Anauliza: zimemjia nani, na ile ahadi imeishia wapi? Hadithi moja inadaiwa sababu, nyingine inadaiwa ahadi. Mimi nilishona pale ambapo sababu ilikuwa haijatolewa na ahadi ilikuwa haijatimizwa. Mama mmoja wa Migosi analilia kengele. Nikirudi Katito, naomba mtu amwambie ililia."

Mkutubi Mkuu aliisoma mara mbili. Alivua miwani.

"Ililia?" akauliza.

"Nikuambie, Bwana Mkutubi, au utasoma mwenyewe?"

Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Meno yake yalikuwa na mwanya. "Fundi Mkuu alikuja hapa Jumanne," akasema. "Ameniambia ni yeye aliyekukataza kusoma, na kwamba nikikufukuza wewe nimfukuze na yeye. Wewe hukunitajia hilo."

Nililia kidogo, kama ilivyo desturi yangu.

Hukumu yake ilikuwa hivi. Vitabu visifumuliwe. Ndani ya kila jalada nibandike karatasi safi, kwa mwandiko wangu: "Hadithi iliyoanza humu inamalizikia katika kitabu cha rafu ya pili, ng'ambo, kuanzia ukurasa wa 193. Samahani. Nenda tu." Tena kuanzia siku hiyo mjalidi asome mstari wa mwisho wa kila mkunjo na wa kwanza wa unaofuata. Jambo hilo tuliliita kusoma mshono. Fundi Mkuu alinung'unika wiki nzima kwamba sasa maktaba itajaa madaktari wa kutafuna, lakini mchana mmoja nilimkuta amesoma mshono wa kitabu cha mazimwi kwa dakika ishirini, miwani puani.

Miezi miwili baadaye niliandikwa.

Mama Nereah alilazimika kwenda kwenye rafu ya nyota, jambo alilokuwa ameapa hatalifanya. Alisimama pale kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake. Wekesa alimpisha kwa heshima ya kejeli: "Karibu kwenye kopo, Malkia." Siku tano baadaye Mama Nereah alirudi kidirishani, hakucheka, hakupaza sauti.

"Ililia," akaniambia. "Lakini mfalme hakuisikia. Alikuwa ameshakuwa kiziwi kwa uzee. Aliipiga, akasubiri, akadhani imeshindikana. Halafu akaangalia chini akaona maji yanatembea kati ya vidole vya miguu yake." Akanishika mkono kupitia kidirishani. "Ero kamano, nyar Katito." Hiyo ni asante, lakini alivyoisema ilikuwa zaidi.

Baada ya hapo rafu zile mbili hazikuwa na amani tena, na nasema hivyo kwa furaha. Kila aliyeazima Mfalme alijikuta kwenye nyota, na kila aliyeazima Chombo alijikuta anahitaji kujua farasi wale ni wa nani. Wakifika kule, hawakurudi mikono mitupu. Wekesa mwenyewe niliwahi kumkamata na riwaya ya mazimwi ndani ya gazeti.

Fundi Mkuu alistaafu, nikashika meza yake. Miaka miwili nilipelekwa kwenye gari la vitabu, tukipita Kisian na vituo vingine, nikishonea magotini, nimekaa kwenye ngazi ya gari. Nikarudi. Mkutubi Mkuu alihamishwa, akaja mwingine, na mwingine. Kisha miaka ya tisini ikatuletea lile neno la kupunguza wafanyakazi. Chumba cha kujalidi kilifungwa kwanza. Nilistaafishwa nikiwa na miaka thelathini na minane, bila mvi hata moja. Mama alicheka akasema nimekuwa mzee kabla yake. Wiki ya mwisho vitabu vikongwe vilipangwa kutupwa. Mfalme na Chombo havikuonekana. Kadi za kuazima zilionyesha kimoja kiko kwa fundi cherehani wa Migosi, kingine kwa mtengeneza redio wa Kibuye, na wote wawili, walipokumbushwa, walisema watarudisha wakimaliza kusoma.

Nimefikiri sana juu ya kazi yangu tangu nirudi Katito, ambako sasa natengeneza Biblia na vitabu vya nyimbo vya watu kwenye kibaraza. Mjalidi hasikii kitabu kikisomwa. Anashona, anabana, anakiachia kiende. Miaka inapita akiwa kiziwi kabisa. Kitu pekee anachoona ni kitabu kurudi kimechakaa, na hapo ndipo anajua kwamba kuna mahali maji yalitembea.

Mwezi uliopita muuguzi wa zahanati yetu, mwanamke nisiyemjua vizuri, alikuja na kitu ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema amepewa na shemeji yake, ambaye alipewa na mshonaji fulani wa Kisumu, na kwamba mgongo umevunjika, je, nitaweza? Nilikitoa. Karatasi yangu ilikuwa bado imebandikwa ndani ya jalada, pembe zake zimelainika kwa vidole vya watu. Neno "Samahani" lilikuwa limefutika kabisa. Yaliyobaki yalisomeka "Nenda tu."

"Mama," yule muuguzi akasema, aibu kidogo usoni, "nimetafuta hicho cha pili kila mahali. Wewe unakijua? Ile kengele, ililia?"

Mara ya tatu kitabu hakishoniki, hiyo ndiyo sheria. Lakini kuna namna ya kuunganisha mkunjo kwa karatasi nyembamba, taratibu sana, kama mtu ana muda. Mimi muda ninao.

"Sikuambii," nikamjibu. "Ukienda Kisumu, ulizia mtengeneza redio anayeitwa Wekesa, pale Kibuye. Mwambie nyar Katito amekutuma kwenye kopo. Atakuelewa."

Kisha nikaingia ndani kutafuta mfupa wangu.